Mlinzi wa Mchana

Kitendawili. Sogeeni karibu, na mwenye mdomo mwepesi aushike kwanza. Mchana unamwona naye hakuoni; usiku anakuona nawe humwoni; na baina yenu hakuna aliyeondoka mahali pake. Ni nini?

Msijibu upesi. Awadh mwenyewe, aliyekuwa akikishika kitu hicho kwa mikono yake kila siku ya Mungu, alichelewa kulijua jibu, na nusura kuchelewa kwake kuvunje ndoa ya watu.

Awadh alikuwa fundi joto katika mji wa Seiyun, bondeni katikati ya jangwa. Ndivyo watu walivyomwita, ingawa kazi yake ilikuwa kulifukuza hilo joto. Jua la kiangazi la bonde lile halina adabu: huingia bila hodi, hukaa bila kukaribishwa, na likiondoka huacha moto wake ukutani ulale na wenyeji. Wazee walijenga kwa udongo, kuta nene, madirisha ya mbao yenye matundu madogo ya kuchungulia. Siku hizi mtu akirudi kutoka Jidda anataka vioo. Haya, ataviweka, na ikifika adhuhuri chumba kimekuwa tanuri la mikate. Hapo ndipo anapoitwa Awadh.

Alikuwa na karatasi yake, nyembamba kama ganda la kitunguu. Huibandika kwenye kioo kwa maji ya sabuni, akaikwangua kwa kipande cha mpira mpaka lisibaki hata povu moja. Ikishakauka, kwa nje hung'aa kama kioo cha kujitazamia, na joto likija hugonga hapo likarudi lilikotoka. Kwa paneli za sola zilizo juu ya paa alikuwa na dawa nyingine, ya maji, isiyo na rangi, ya kupakwa juu yake ili ipitishe mwanga na kulikataa joto. "Paneli nayo ni kama mtu," alikuwa akiwaambia wateja. "Mpe jua afanye kazi, lakini usimchome, atalala." Na kweli, paneli alizozipaka yeye zilijaza betri mapema kuliko za majirani.

Nyumbani kwa Karama, mfanyabiashara wa tende, alizifanya kazi zote mbili. Karama alikuwa akimwoza binti yake Shafaa, na hakutaka wageni wakaangike. Huyu Karama alikuwa mtu mwema, ila masikio yake yalikuwa yamestaafu kabla yake. Ukitaka kumwambia siri, ilibidi uwaambie na watu wa mtaa wa tatu.

Ukumbi wa wanawake katika nyumba ile ulikuwa umeinuka ngazi chache tu juu ya ua, na madirisha yake matatu yalianzia chini, usawa wa mtu aliyeketi, kama yalivyo madirisha yote ya huko. Yalitazama uani moja kwa moja, mahali ambapo wanaume wangeketi siku ya harusi kuimbiana mashairi. Awadh alipokuwa akibandika karatasi yake, Bibi Muzna, mama yake Karama, aliketi mkekani akimtazama. Uzee ulikuwa umempa ruhusa ya kukaa chumba kimoja na fundi, naye aliitumia ruhusa hiyo vizuri.

"Mwanangu Awadh, hao wanaume hawatatuona?"

"Hawatawaona, bibi. Toeni hata hayo mapazia, yanakusanya vumbi bure. Nyinyi mtawaona mpaka nywele za puani. Wao watajiona wenyewe tu."

Bibi Muzna akaangua kicheko. Miaka yote alikuwa amesikiliza mashairi ya harusi kupitia matundu ya mbao, jicho moja likiona kilemba cha huyu na sikio la yule. Kukaa akatazama kama mtu anayetazama televisheni, hilo hakuwahi kuliota.

"Sasa nikuulize," akasema. "Huyu mlinzi wako anakesha, au ikifika usiku hulala?"

"Bibi Muzna, wewe na vitendawili vyako."

"Sijatega kitendawili. Nimeuliza swali."

Lakini Karama alikuwa akipiga kelele kutoka juu ya paa kwamba ile dawa ya paneli imeanza kukauka ndooni, na Awadh akapanda ngazi mbiombio. Swali likabaki mkekani, na mapazia yakatolewa.

Msimlaumu sana. Katika nyumba zote alizozibandikia, hakuna iliyokuwa na mwanga wa maana usiku. Umeme wa serikali huko ni kama mjomba wa mbali, huja akikumbuka. Watu wakishaswali Isha huchukua magodoro yao wakapanda kulala juu ya paa penye upepo, na vyumba vya vioo hubaki giza tupu mpaka asubuhi. Nani angekaa humo na taa ya kishumaa ajitazame? Awadh alikijua kioo chake mchana. Usiku hawakuwahi kukutana.

Siku ya harusi ikafika. Mkewe, Aloya, alitoka nyumbani baada ya Alasiri amejitanda baibui jeusi kutoka utosini mpaka kidole cha mguu, na ndani yake kuna nguo ya kijani yenye nyuzi za dhahabu ambayo Awadh alikuwa ameiona mara moja tu, siku ilipotoka kwa fundi.

"Leo mimi ndiye nitakayekutazama," akamwambia mumewe. "Usikune mgongo mbele za watu."

"Na wewe usicheke kwa sauti. Kioo kinazuia macho, hakizuii kicheko chako."

Kule kwenye mlango wa wanawake, ulio nyuma ya nyumba kwenye kichochoro, kila aliyeingia aliweka simu yake kapuni. Ndiyo desturi sasa, kila harusi. Mwaka uliotangulia, katika kijiji cha jirani, picha moja ilitoka nje ya ukumbi ikazunguka mikononi mwa wanaume, na bibi harusi akarudishwa kwa baba yake angali na hina mbichi mikononi. Tangu siku hiyo simu hukaa kapuni, mabaibui hurundikwa juu ya kapu, na mlango hupigwa komeo. Ndani huko wanawake wako vichwa wazi, nywele zimeachwa migongoni, mabega nje, kama walivyo kwao vyumbani. Hakuna mwanamume anayetakiwa hata kulijua rundo lile la mabaibui lina urefu gani.

Wanaume nao wakajaa uani. Upande wa bwana harusi waliwekwa mahali pa heshima, juu ya zulia jekundu, nyuso zao zikitazama yale madirisha matatu. Wakati jua lingali juu walijiona humo wamekaa safu, vilemba na ndevu, wakawa wanajirekebisha makola na kutaniana.

"Faraj, jitazame vizuri. Hivyo ndivyo tunavyokuona sisi kila siku, na tunavumilia."

"Kioo kimenipendeza mimi," akajibu Faraj. "Wewe kimekuvumilia."

Faraj huyu alikuwa ndiye ulimi wa Seiyun. Alikuwa dereva wa lori la maji, mrefu, mwembamba, sauti kama kengele. Katika mashairi ya kujibizana hakuna aliyemkumbuka akishindwa, na katika vitendawili hajawahi kumpa mtu mji. Yeye ndiye hupewa miji. Walisema amekwisha kupewa mpaka Makka na Madina akazirudisha kwa adabu.

Wakaswali Magharibi palepale uani. Mpango wa jioni ulijulikana na kila mtu: washairi wataimba, wanawake watanyamaza ndani gizani wasikilize na kutazama, washairi wakimaliza, bibi harusi atatolewa chumbani nywele wazi na kuketishwa kitini, vigelegele vitapigwa, na hapo ndipo zitakapowashwa taa zote za ukumbi kwa pamoja. Karama alikuwa ametundika taa kama za duka la dhahabu. Betri zilikuwa zimejaa tangu mchana, shukrani kwa dawa ya Awadh, na watu walikuwa wamempongeza mpaka akaona haya.

Bakhit mpika kahawa alikuwa kwenye kibanda chake cha mbao pembeni mwa ua. Kibanda kilikuwa na dirisha dogo la kioo, na Awadh, kwa ukarimu, alikuwa amekibandikia kipande kilichobaki cha karatasi ileile ili mzee wa watu asiive pamoja na tangawizi yake. Giza lilipoanza kushuka, Bakhit aliwasha taa ya betri aone birika zake. Akatazama nje, hakuona mtu, aliona uso wake tu. Akajua yuko peke yake. Basi akalifungua bakuli la asali ya bwana harusi, akachovya kidole, akakilamba taratibu, macho ameyafumba. Akachovya tena.

"Bakhit," akaita Faraj kutoka zuliani, "acha na ya bwana harusi kidogo."

Ua mzima ukacheka. Bakhit akaruka kama aliyeumwa na nge, akawa anatazama huku na huku ndani ya kibanda chake, hajui sauti imetoka wapi wala macho yametoka wapi.

Awadh naye alianza kucheka. Kisha akakikazia kibanda macho.

Alimwona Bakhit wazi, kama samaki ndani ya chupa. Aliona hata tone la asali ndevuni. Na kioo kile ni chake, karatasi ile ni yake, ileile iliyo kwenye madirisha matatu nyuma ya mgongo wa kibanda. Taa ikiwa ndani na giza likiwa nje, mlinzi hugeuka. Akayatazama madirisha ya ukumbi. Yalikuwa bado meusi, yanang'aa kidogo kwa mwanga wa mwisho wa mbingu. Ndani yake walikuwepo wanawake wa mtaa mzima. Alikuwemo Aloya na nguo yake ya kijani. Baada ya mashairi machache, Shafaa atakaa kitini nywele wazi, taa zote zitawaka, na mbele yake watakuwa wameketi baba mkwe wake, ami zake bwana harusi, na wanaume wa koo mbili wakitazama moja kwa moja.

Kwanza akaenda kwa Bakhit. "Ami Bakhit, zima hiyo taa. Betri yake ina hitilafu, itakulipukia." Bakhit, aliyekuwa bado na aibu ya asali, akaizima bila swali, akamimina kahawa kwa kupapasa.

Kisha akachomoa simu akampigia Aloya huku anazunguka nyuma ya nyumba. Alipofika kichochoroni akaisikia ile simu ikilia nyuma ya mlango, chini ya rundo la mabaibui, kama kuku aliyefungiwa kapuni. Akagonga mlango. Akagonga tena, kwa ngumi. Hakuna aliyekuja. Hata yule mama aliyewekwa kuulinda mlango alikuwa amekwenda dirishani kuwatazama washairi, maana starehe kama ile haikuwahi kutokea, kutazama bila kutazamwa. Ngazi ya kwenda juu ya paa, kwenye betri, ilikuwa hukohuko ndani.

"AWADH," ikaja sauti ya Karama kutoka pembeni mwa nyumba, "UNATAFUTA NINI MLANGO WA WANAWAKE?"

Uani watu wakaangua vicheko.

"Mwacheni," akasema mmoja wa upande wa bwana harusi. "Hajamwona mkewe tangu Alasiri, maskini."

Awadh akamfuata Karama, akamshika mkono. "Ami Karama, njoo kando nikwambie neno."

"SEMA TU MWANANGU, HAPA HAKUNA MGENI."

"Ni neno la siri kidogo, ami."

"TAA? TAA ZIKO TAYARI, USIJALI. MAMA KASHIKA SWICHI MWENYEWE."

Akampigapiga begani, akamrudisha zuliani na kumketisha. Awadh akaketi. Alikuwa kama mtu aliyefunikwa blanketi lenye nge: akitulia ataumwa, na akipapatika ataumwa. Akipaza sauti aseme msiwashe taa, kila mwanamume atauliza kwa nini, na jibu la kwa nini liko dirishani. Macho yote yatakwenda huko, na yakishakwenda hakuna wa kuyarudisha. Akimnong'oneza jirani, jirani atanong'ona kwa jirani yake. Neno moja tu ndilo lingewafunika wale wanawake, na neno hilohilo ndilo lingewafunua.

Mshairi wa kwanza akaimba, akapokewa. Wa pili akaimba. Faraj akasimama akamsifu bwana harusi na kumdhihaki kwa beti zilezile, watu wakapiga makofi, na kutoka nyuma ya vioo vyeusi kikaja kicheko chembamba cha wanawake. Walikuwa wanasikia. Kila neno la uani lilikuwa linaingia mle.

"Kuna mwingine?" akauliza Faraj, anazungusha macho. "Kama hakuna, tumalizie, bibi harusi asisinzie."

Awadh hakuwahi kuimba harusini. Sauti yake ilikuwa mbaya, naye aliijua. Akajikuta amesimama.

"Mimi nina kitendawili."

"Mwenye hamu ya mke amepata kauli," mtu akasema, na watu wakacheka. Faraj akampisha katikati, mkono kifuani kwa mzaha. Awadh akasimama akiwa ameyapa madirisha mgongo, maana hakuthubutu kuyatazama, akaanza, na sauti ikatoka kama mlango usiotiwa mafuta:

*Ninaye mlinzi wangu, mchana yuko kazini,*
*Huficha walio ndani, asiwaone jirani,*
*Jua likishakuchwa tu, taa ikawaka ndani,*
*Huufungua mlango: mlinzi huyo ni nani?*

Akakirudia, polepole, kwa sauti kubwa, neno moja moja, kama mtu anayemwita mtu aliye ng'ambo ya bonde.

"Paka," akasema wa kwanza.

"Paka analinda nini wewe? Ni mbwa mzee."

"Ni mama mkwe. Mchana anakuficha, usiku anakusema."

"Huyo wako. Wa kwangu ananisema mchana kutwa."

Wakacheka, wakabishana. Awadh akasikiliza nyuma yake. Kimya. Hakusikia kicheko cha wanawake wala mnong'ono, na hakujua kama kimya kile ni cha kuelewa au cha kungojea tu. Jasho likamtiririka mgongoni, naye hakujikuna.

"Faraj, mbona umenyamaza? Jibu hilo, tukale."

Faraj alikuwa amekaa, kidole kimoja juu ya mdomo, anautafuna ule ubeti. Awadh akamwona akitazama chini, kisha akatazama kibanda cha Bakhit, dirisha lake dogo ambalo sasa lilikuwa giza. Akakitazama kwa muda. Kidole kikashuka mdomoni. Kisha shingo yake ikaanza kugeuka kuelekea madirisha ya ukumbi, kidogo tu, kiasi cha mtu anayeanza kumwinukia mgeni, ikasimama. Akayashusha macho yake mpaka kwenye zulia, akayaacha hapo.

Amejua, Awadh akawaza. 

"Haya, Faraj. Sema."

Faraj akasimama taratibu, akakung'uta nguo yake. Angetamka neno moja tu, angekuwa Faraj yuleyule wa jana.

"Nimeshindwa," akasema. "Nakupa mji."

Watu wakatazamana, hawaamini. Halafu ua ukapasuka. Watu walipiga mapaja, wakatupiana vilemba. Ulimi wa Seiyun umefungwa na fundi wa vioo, tena kwa sauti ya punda. Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi alicheka mpaka akashikwa na kikohozi.

"Mji gani, Faraj? Taja."

"Shibam," akasema Faraj. "Na maghorofa yake yote."

"Awadh amekubali Shibam. Haya Awadh, toa jibu."

Ndiyo kanuni, mnaijua: aliyepewa mji lazima afumbue. Awadh akamtazama Faraj.

"Subirini," akasema Faraj. "Mji nimetoa mimi. Jibu ni langu, nitalipokea kesho, mimi na yeye. Mnataka niaibike mara mbili kwa jioni moja?"

Wakamcheka tena, wakamkubalia. Na katikati ya kicheko hicho, nyuma ya mgongo wa Awadh, kikaja kigelegele. Cha kwanza chembamba, cha mwanamke mmoja. Kisha vikapokezana, vikajaa nyumba. Bibi harusi ametolewa.

Awadh hakugeuka. Alizitazama nyuso za wanaume mbele yake, safu kwa safu, nyuso za giza za watu wanaocheka. Taa zikiwaka atauona mwanga kwao kabla hajauona popote. Utawapiga usoni, macho yatawapanuka, na hapo yote yatakuwa yamekwisha. Akamtazama baba wa bwana harusi, ndevu zake nyeupe. Akamtazama bwana harusi mwenyewe. Vigelegele vikapanda. Ngoma ikaanza. Mtu ndani akaita jina la Shafaa.

Nyuso zikabaki giza.

Ngoma ikaendelea. Awadh akahesabu pumzi zake. Nyuso bado giza, na sasa watu walikuwa wameanza kuulizana mandi, ule wali wa nyama, iko wapi. Kisha akauona: uzi mmoja wa mwanga, mwembamba kama mshipi, umeanguka zuliani karibu na miguu ya Faraj, umetoka mahali fulani pembeni mwa dirisha. Basi taa zilikuwa zimewaka. Zimewaka zote, na kilichotoka ni uzi.

Faraj naye aliuona. Akaunyoosha mguu wake polepole, kama mtu aliyechoka kusimama, akauweka juu ya uzi ule.

"Chakula kinapoa," akasema kwa ile sauti yake ya kengele, akamgeuzia Awadh uso. "Tuelekee kule kwenye sinia, jamani. Aliyeshindwa aende mbele, au sinia nalo ni mji wako?"

Wakainuka wote, wakayapa madirisha mgongo, wakaenda kula.

Asubuhi Awadh alikwenda kwa Karama na furushi la mapazia mapya begani. Mambo ya ndani alikwisha kuyasikia kwa Aloya, aliyecheka na kulia kwa zamu alipokuwa akimsimulia. Shairi lilipofika mstari wa tatu, Bibi Muzna aliifunika swichi kwa kiganja akasema hakuna anayeigusa. Wasichana wakalalamika, Shafaa mwenyewe akanung'unika kwamba hakupaka hina wiki nzima aje aketi gizani kama kuku. Bibi akamwambia, "Utaketi kwenye mwanga, mwanangu, lakini kwanza nileteeni mabaibui." Wakaliendea lile rundo la mlangoni, wakayafunga mikono kwa mikono, wakayatundika madirishani kwa pini za nywele zao. Wanawake wa mtaa mzima walikesha wakicheza nyuma ya mabaibui yao wenyewe.

Bibi Muzna alikuwa mkekani palepale, mtungi mdogo wa asali umewekwa kando yake. Awadh akamsalimu, akashusha furushi, akaanza kupima upana wa dirisha.

"Huu mpelekee Faraj," akasema bibi, akiusukuma ule mtungi. "Mwambie ni mji wake, namrudishia. Namjua tangu anatambaa, hajawahi kushindwa na kitu rahisi namna ile. Alikuja kuchukua jibu?"

"Alipita alfajiri na lori lake. Aliteremsha kioo akanisalimu, akaniuliza habari za watoto. Hakuuliza jingine."

"Hm."

Bibi akamwacha atundike pazia la kwanza. Akamwacha atundike la pili. Jua lilikuwa limekwisha kupanda na kugonga kwenye kioo, na kioo kilikuwa kinalirudisha, chumba baridi kama ndani ya mtungi. Kule nje Bakhit alikuwa akisugua birika, akasimama mbele ya dirisha akajitazama meno bila wasiwasi wowote.

"Mwanangu Awadh."

"Labeka, bibi."

"Nilikuuliza swali siku ile ukapanda ngazi. Mimi ni mzee, nikifa nalo mtaulizwa nyinyi. Huyu mlinzi wako, ikifika usiku, hulala?"

Awadh akaliweka chini pazia la tatu, akaja akaketi ukingoni mwa mkeka.

"Halali, bibi," akasema. "Hugeuka akawatazama nyinyi. Nami sikujua."